Kiti cha Mwenye Mkia

Katika hadithi zinazosimuliwa jioni kando ya moto, tangu Uheheni hadi Unyakyusa, wanyama huishi kama watu. Sungura huenda barazani, Fisi hualikwa karamuni, Simba huketi juu ya kiti cha enzi na kusikiliza mashauri, na Mamba hukaribisha wageni nyumbani kwake kando ya mto. Wote huvaa, hula, hukopa, na hulipa madeni yao au hukataa kuyalipa. Msimulizi hueleza kila kitu isipokuwa jambo moja dogo: Simba anapoketi, mkia wake huuweka wapi?

Mwalimu akiuliza swali hili darasani hapana budi wanafunzi watacheka. Lakini ni swali la sayansi, na anayejaribu kulijibu kwa makini atalazimika kujua mifupa ya nyonga imepangwaje, uzito wa kitu husimama wapi, na fundi seremala hupima nini kabla ya kukata ubao. Mwisho wa safari hiyo atawakuta viumbe wawili wasio wa hadithi: punda avutaye mkokoteni katika vilima vya Mbeya na Iringa, na mwanafunzi aketiye juu ya dawati kutwa nzima.

MKIA NI NINI?

Mkia ni mwendelezo wa uti wa mgongo. Pingili za mgongo hufuatana kutoka shingoni hadi kwenye nyonga, na kwa mnyama mwenye mkia huendelea kupita nyonga, zikipungua unene mmoja mmoja hadi ncha. Kwa hiyo mkia haukubandikwa juu ya ngozi kama kishada. Una mifupa, misuli, mishipa ya damu na ya fahamu, na hauwezi kukunjwa au kukaliwa bila mwenyewe kuumia.

Kazi zake ni nyingi. Ng'ombe hufukuzia nzi. Mamba huogelea kwa nguvu ya mkia wake, ambao ni karibu nusu ya urefu wa mwili. Kinyonga hushikia tawi. Kondoo wa mikia minene huweka akiba ya mafuta. Mjusi huuacha mkia mdomoni mwa adui na kukimbia, kwa kuwa pingili zake zina mahali palipotayarishwa kukatika. Kangaruu wa Australia, anapotembea polepole, huukanyagia mkia wake chini kama mguu wa tano.

Binadamu naye aliwahi kuwa na mkia, tena kila mmoja wetu. Katika wiki ya nne na ya tano ya ujauzito, kiinitete cha mtu huwa na mkia mfupi ulio wazi kabisa. Ifikapo wiki ya nane mkia huo huwa umekwisha kunywea. Kinachobaki ni kifandugu, yaani pingili ndogo 3 hadi 5, aghalabu 4, zilizoungana chini kabisa ya uti wa mgongo. Mtu aliyewahi kuteleza akaangukia makalio anakijua vizuri kifandugu chake.

Katika kukosa mkia tuko pamoja na sokwe wa Gombe na Mahale, na gorila wa milima ya Kongo, Rwanda na Uganda. Kima na nyani wao wameuhifadhi. Mwaka 2024 watafiti walieleza katika jarida la Nature kwamba mabadiliko katika jeni moja iitwayo TBXT, yaliyotokea yapata miaka milioni 25 iliyopita, yanaelekea kuwa sehemu ya sababu iliyoufanya ukoo wetu upoteze mkia. Tarehe hiyo ina uhusiano na Nyanda za Juu za Kusini. Mwaka 2013 wanasayansi walitangaza visukuku viwili kutoka bonde la ufa la Rukwa, kusini-magharibi mwa Tanzania, vyenye umri wa miaka milioni 25.2. Kimoja, Rukwapithecus, ni cha ukoo wa sokwe na binadamu; cha pili, Nsungwepithecus, ni cha ukoo wa kima wa Afrika na Asia. Ni mabaki ya taya na meno tu, na meno hayasemi lolote juu ya mkia. Hata hivyo yanaonyesha kwamba zamani hizo koo mbili, mmoja wa wenye mikia na mwingine ambao leo hauna, zilikuwa zimekwisha kutengana katika nchi hii.

KITI ALICHOZALIWA NACHO KIPUNJI

Kabla ya kumchongea kiti mwenye mkia, yafaa kumtazama anavyoketi bila msaada wa fundi. Mfano mzuri upo katika mikoa ya Mbeya na Iringa yenyewe. Wawindaji wa Kinyakyusa kwa muda mrefu walimtaja kima aitwaye kipunji, aishiye katika misitu ya baridi ya Mlima Rungwe. Mwaka 2003 watafiti walioongozwa na Tim Davenport walianza kumfuatilia, na wakamwona pia katika msitu wa Livingstone, upande wa Kitulo. Mwaka 2004 kikundi kingine kilichoongozwa na Carolyn Ehardt kilimkuta katika msitu wa Ndundulu, kwenye milima ya Udzungwa mkoani Iringa, bila kujua habari za kikundi cha kwanza. Makundi hayo mawili yalitangaza ugunduzi wao kwa pamoja katika jarida la Science mwezi Mei 2005. Mwaka uliofuata, baada ya kuchunguza kipunji mmoja aliyenaswa na kufa katika mtego wa mkulima, wataalamu walimpa jenasi yake peke yake, Rungwecebus. Ilikuwa jenasi mpya ya kwanza ya kima kutajwa barani Afrika tangu mwaka 1923.

Kipunji ana manyoya marefu ya rangi ya kahawia, kishungi kilichosimama kichwani, na mkia mrefu wenye weupe hafifu kuelekea ncha. Kama kima wote wa Afrika na Asia, hawezi kushika kitu kwa mkia. Kima wa namna hiyo wako Amerika ya Kusini na ya Kati. Lakini kama wenzake wote, amezaliwa na kiti.

Ili kukielewa kiti hicho, mwanafunzi na aketi wima juu ya ubao mgumu, kisha aweke viganja vyake chini ya makalio. Atahisi mifupa miwili ikimgandamiza, mmoja kila upande. Hiyo ndiyo mifupa ya kuketia, sehemu ya chini ya nyonga, na mtu anapoketi wima uzito mwingi wa kiwiliwili hupita hapo. Kifandugu kiko nyuma yake na juu kidogo. Hugusa kiti pale tu mtu anapojilegeza na kulalia mgongo. Kwa kima, mifupa hiyo miwili ina vichwa vipana, na juu yake pana sugu, yaani ngozi nene isiyo na manyoya. Kwa sugu hizo kima anaweza kuketi juu ya tawi usiku kucha, akasinzia bila kuchubuka. Mkia wake wakati huo huning'inia nyuma ya tawi, hewani, bila kugusa chochote.

Hapo tunapata kanuni mbili za kwanza za fundi wetu. Kwanza, uzito ubebwe na mifupa ya kuketia, wala si na shina la mkia. Pili, nyuma ya mifupa hiyo pawe wazi.

KIGODA NA EGEMEO

Kanuni hizo mbili zikishajulikana, inaonekana mara moja kwamba samani moja ya jadi inafaa karibu bila kubadilishwa. Ni kigoda, kile kiti kifupi cha miguu mitatu kinachochongwa kutoka gogo moja, chenye uso uliobonyea kidogo. Kigoda hakina egemeo. Aketiye juu yake mwenye mkia angeuachia uning'inie nyuma kama kipunji juu ya tawi.

Miguu mitatu nayo ina sababu yake. Nukta tatu zisizo katika mstari mmoja daima hulala katika bapa moja, kwa hiyo kiti cha miguu mitatu hakichezi hata sakafu ya udongo iwe na mabonde namna gani. Nukta ya nne yaweza kuwa juu au chini ya bapa hilo, ndiyo maana meza ya miguu minne huwekewa kipande cha karatasi chini ya mguu mmoja. Mama apikaye juu ya mafiga matatu anaitumia kanuni hiyo hiyo ya jiometri kila siku.

Hata hivyo kigoda kina dosari moja. Tuseme kimo chake ni sentimita 25, na mkia wa mgeni wetu ni sentimita 90. Sentimita 65 za mkia zitalala sakafuni, na mtu wa kwanza apitaye na mtungi wa maji ataukanyaga. Fundi akiinua kiti hadi sentimita 95, mkia utasalimika, lakini miguu ya aketiye haitafika chini, na ukingo wa kiti utambana nyuma ya mapaja. Basi itabidi aongeze kikanyagio cha kuwekea nyayo. Au akiache kiti kifupi, aweke ubavuni kipande cha mti chenye panda cha kuulaza mkia. Tatizo moja likitatuliwa jingine huzaliwa, na kazi ya usanifu ni kuchagua lipi lina madhara madogo zaidi.

Kiti chenye egemeo, kama kile cha ofisini au cha ndani ya basi liendalo Iringa na Mbeya, ni shida kubwa zaidi, maana egemeo lake limesimama hasa mahali mkia unapotokea. Njia ziko tatu. Ya kwanza ni kutoboa tundu katika egemeo. Ya pili ni kuacha pengo lililo wazi upande mzima kati ya kikalio na egemeo. Ya tatu ni kuligeuza egemeo liwe mbele, aketiye apanue miguu na kuegemeza kifua chake.

Wanafunzi wengi watachagua tundu, kwa kuwa ndilo linalokuja akilini kwanza. Lakini na wafikirie namna ya kulitumia. Kila anapotaka kuketi, mwenye mkia atalazimika kugeuka, kuushika mkia, na kuupenyeza tunduni kama uzi katika sindano. Anapotaka kuondoka atauvuta tena. Siku nyumba ikishika moto, tundu hilo limekuwa mtego. Pengo la wazi linamruhusu kuingia ubavuni na kutoka ubavuni bila kuangalia nyuma. Chombo cha kutumiwa kila siku kinatakiwa kitumike bila kufikiriwa, na kimwachie mtumiaji njia wakati wa hatari.

Pengo liwe na kimo gani? Hapa kukisia hakutoshi. Fundi atamketisha mteja juu ya ubao bapa, apime kutoka kwenye ubao hadi upande wa juu wa shina la mkia, kisha aongeze nafasi ya mkia kujongea. Kwa nyani wa manjano, waonekanao kwa wingi katika Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, ataongeza zaidi, kwa sababu mkia wao huinuka kwanza ndipo ukaanguka, kana kwamba umevunjika karibu na shina.

HESABU YA FUNDI

Mkia una uzito, na uzito huo uko nyuma. Tuchukue mfano wa kubuni. Mwanadarasa wetu mwenye mkia ana kilo 40 bila mkia, na mkia wake una kilo 4. Ameketi katikati ya kigoda na kuinua miguu yake, kitovu cha uzito wa mwili kikiwa juu ya katikati ya kiti. Kitovu cha uzito wa mkia kiko sentimita 40 nyuma yake. Kitovu cha uzito wa jumla kitasogea nyuma kwa:

(4 × 40) ÷ (40 + 4) = 3.6 sentimita takriban.

Je, ataanguka? Kiti huanguka pale kitovu cha uzito kinapopita nje ya pembetatu inayofanywa na ncha za miguu yake. Tuseme ncha hizo ziko juu ya duara lenye nusukipenyo cha sentimita 16, zikiachana kwa umbali sawa. Kutoka katikati hadi kila ncha ni sentimita 16, lakini kutoka katikati hadi upande wa pembetatu ni nusu yake tu, yaani sentimita 8. Kigoda kikiwekwa upande mmoja wa pembetatu ukiwa nyuma, akiba iliyobaki kabla ya kuanguka ni sentimita 4.4. Kikigeuzwa ili mguu mmoja uwe nyuma, akiba inakuwa sentimita 12.4. Kigoda ni kile kile na aketiye ni yule yule. Kilichobadilika ni mwelekeo tu.

Lakini mguu wa nyuma sasa umesimama pale ambapo mkia ulitaka kushuka. Mkia mlegevu utapita pembeni bila taabu. Mkia mgumu utakwama, na fundi atalazimika kurudisha pengo nyuma na kuitanua miguu yote ili apate tena akiba aliyoipoteza. Maswali kama haya hayana jibu moja lililo sahihi, na ndiyo maana ni mazuri kwa majadiliano ya darasa.

MKIA WA WASTANI

Sasa baraza zima la wanyama limfikie fundi, nalo lina fedha za kulipia viti vya namna moja tu. Sungura ana kijimkia ambacho hakihitaji pengo lolote. Fisi ana mkia mfupi wenye manyoya. Simba ana mkia mrefu mwembamba wenye kishungi. Mamba ana mkia mnene, mgumu, mzito, ambao hauwezi kuning'inia popote. Huyu afadhali apewe jamvi ajilaze. Isitoshe, Simba na Fisi hutembea kwa vidole. Kiungo kile cha mguu wa nyuma ambacho watoto hudhani ni goti lililogeuka ni kisigino chao, nalo goti la kweli liko juu, karibu na tumbo. Kikalio kirefu kitawabana kabla mgongo haujafika kwenye egemeo.

Fundi mvivu atapima mikia yote, atapiga hesabu ya wastani, na kuchonga viti vya mkia wa wastani. Matokeo yake yatakuwa kiti kisichomfaa hata mjumbe mmoja.

Kosa hili limewahi kufanywa katika mambo mazito. Mwaka 1950 Jeshi la Anga la Marekani lilipima miili ya marubani wake, na afisa mmoja, Gilbert Daniels, akachunguza vipimo vya marubani 4,063. Alichagua vipimo 10 vinavyohusu zaidi kiti na chumba cha rubani, kama vile kimo, kifua na urefu wa mkono. Kwa kila kipimo aliwahesabu kuwa wa wastani wote waliokuwa karibu na katikati. Kisha akatafuta ni wangapi walio wa wastani katika vipimo vyote 10. Hakupata hata mmoja. Mwenye mikono ya wastani alikuwa na miguu mirefu. Mwenye kimo cha wastani alikuwa na kifua kipana. Chumba kilichosanifiwa kwa rubani wa wastani kilikuwa cha mtu asiyekuwapo. Kutokana na uchunguzi wa namna hiyo wasanifu walianza kutengeneza viti, mikanda na vikanyagio vinavyoweza kurekebishwa. Elimu ya kukilinganisha chombo na mwili wa mtumiaji wake huitwa ergonomia.

WENYE MIKIA WA KWELI

Wanyama wa hadithi wanaweza kusubiri viti vyao. Wanyama wa kazi hawawezi, kwa sababu wao huvishwa vyombo vilivyotengenezwa na watu kila siku ya kazi.

Nira ya maksai ni mfano wa chombo kilichoutii mwili. Ng'ombe wa asili wa Tanzania ni zebu, mwenye nundu. Mti wa nira hulala mbele ya nundu, na maksai anapovuta plau, nundu na mabega huupokea mti huo na kuusukuma. Mwishoni mwa miaka ya 1980 palikuwa na mradi maalumu mkoani Mbeya, uliosaidiwa na Kanada, wa kueneza kilimo cha maksai na zana zake.

Punda hana nundu. Nguvu yake ya kuvuta hupitia kifuani na mabegani. Mkulima akichukua nira ya maksai na kumvisha punda, mti hulala juu ya mifupa ya shingo yenye nyama kidogo, huteleza, huchubua, na punda hufanya kidonda. Ndipo husemwa kuwa punda ni mvivu au mkaidi, ilhali anachokataa ni maumivu. Kinachomfaa ni mkanda mpana wa kifuani, laini, uliofungwa chini ya koo ili usimzibe pumzi na juu ya kiungo cha bega ili usimzuie kutembea. Kamba nyembamba haifai, kwa sababu nguvu ile ile ikikusanywa juu ya eneo dogo huleta mgandamizo mkubwa. Wanafunzi wa fizikia wanalijua hilo katika kanuni ya mgandamizo. Punda hulijua kwa ngozi yake.

Katika nchi ya vilima pana jambo jingine, na hapa swali la mkia linarudi. Mkokoteni ukiteremka mlima humsukuma mnyama kutoka nyuma. Ili aweze kuuzuia, panahitajika mkanda wa nyuma. Mara nyingi mwenye punda hupitisha kamba chini ya mkia, kwa kuwa ndipo inapopata mahali pa kukwama bila kuanguka. Lakini ngozi ya chini ya mkia ni nyembamba na haina manyoya, nayo hupata jasho na kinyesi. Kamba huichubua upesi, nzi hufika, na punda hawezi kuutumia mkia wake kuwafukuza kwa sababu kila akiutikisa kamba humkata zaidi. Dawa yake ni ile ile ya pengo la kiti. Mkanda uwe mpana, uzungushwe nyuma ya mapaja, chini ya shina la mkia, ushikiliwe na mikanda mingine miwili itokayo mgongoni. Hapo uzito wa mkokoteni hupokewa na misuli minene ya mapaja, na mkia hubaki huru kufanya kazi yake.

Thamani ya kazi hiyo watu wameitambua tangu zamani. Sisi tusio na mkia tumeazima wa ng'ombe: usinga, uliokuwa mkononi mwa wazee wengi na mwa viongozi mashuhuri kama Jomo Kenyatta, ni mkia uliopewa mpini.

DAWATI LA NANI?

Baada ya kumwazia Simba na kumwonea huruma punda, msomaji na atazame chini yake mwenyewe. Kimo cha kikalio kinachomfaa mtu ni umbali kutoka sakafuni hadi nyuma ya goti, pale mguu unapokunjika. Kikizidi hapo, nyayo huning'inia, ukingo wa ubao hukandamiza mishipa ya damu na ya fahamu chini ya mapaja, na miguu hufa ganzi. Kikipungua sana, magoti hupanda juu, nyonga huviringika nyuma, mgongo hupinda, na uzito huondoka kwenye mifupa ya kuketia na kukilemea kifandugu, lile baki la mkia ambalo halikuumbwa kubeba mzigo. Meza nayo inatakiwa iwe karibu na kimo cha kiwiko cha aketiye. Ikiwa juu mno, mabega hunyanyuka. Ikiwa chini mno, shingo huinama.

Katika shule nyingi dawati na benchi lake hufungwa pamoja kwa mbao au vyuma, na hutengenezwa kwa kipimo kimoja kwa darasa zima. Lakini mtoto wa miaka 13 na kijana wa miaka 17 hupishana sana kwa kimo, na hata katika darasa moja tofauti yaweza kuwa kubwa. Mwaka 1979 Shirika la Kimataifa la Viwango lilichapisha kiwango cha viti na meza za shule kinachozipanga katika namba kadhaa za ukubwa, kwa kufuata kimo cha mwanafunzi. Nchini Tanzania, kampeni ya madawati ya mwaka 2016 iliwatoa watoto wengi sakafuni. Hiyo ilikuwa hatua ya lazima, kwani asiye na kiti chochote hawezi kulalamika kwamba kiti hakimtoshi. Hatua inayofuata ni kuuliza kila dawati limekatwa kwa mwili wa nani.

Kukata mbao kwa vipimo vitatu badala ya kimoja hakuongezi miti sana. Misonobari ya shamba la Sao Hill, wilayani Mufindi, hupasuliwa mbao zile zile. Kinachoongezeka ni kazi ya kupima kabla ya kukata, na kazi hiyo yaweza kufanywa na wanafunzi wenyewe.

ZOEZI KWA DARASA

Vifaa: futikamba, ubao bapa, chaki, daftari.

1. Mwanafunzi aketi wima, nyayo zikiwa bapa sakafuni. Wenzake wapime (a) kutoka sakafuni hadi nyuma ya goti. (B) kutoka mwisho wa makalio hadi nyuma ya goti. (C) kutoka kikalioni hadi kwenye kiwiko, mkono ukiwa umelegezwa na kukunjwa. Wasichana wapimwe na wasichana, na wavulana na wavulana.

2. Darasa lipime dawati lenyewe: kimo cha benchi, upana wa benchi kutoka mbele hadi nyuma, na kimo cha meza kutoka kwenye benchi.

3. Kwa kila mwanafunzi, tofauti kati ya mwili na dawati iandikwe. Ni wangapi ambao benchi linawazidi? Ni wangapi linaowapungukia? Ni wangapi walio sawa katika vipimo vyote vitatu?

4. Wanafunzi wapangwe kwa kipimo (a), kuanzia mfupi hadi mrefu, na kugawanywa katika makundi matatu. Kila kundi lichore benchi lake, na mchoro upelekwe kwa fundi wa karibu au kwenye karakana ya shule, kama ipo.

5. Kila kikundi kichague mnyama mmoja wa hadithi, kimchoree kiti, na kutetea mchoro wake mbele ya darasa kwa kutaja mifupa, uzito na usalama.

Inafaa kuanza na zoezi la 5, ijapokuwa limeandikwa mwisho. Mwanafunzi ambaye amebishana nusu saa juu ya pengo la mkia wa Simba atajifunza kuuliza nani ataketi kabla ya kuuliza ubao uko wapi. Akilirudia dawati lake siku ya pili, ataliona kwa mara ya kwanza, na huenda akagundua ni kwa nini miguu yake hufa ganzi kila kipindi cha mwisho.